Fundo na Uzi: Maktaba za Grafu katika Lugha za Fanksheni na Sarufi ya Kitenzi cha Kiswahili

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi maktaba mbili za grafu zinavyofanya kazi, na kuonyesha kwa nini kazi yake yamhusu mtaalamu wa lugha za Kiafrika. Maktaba hizo zimeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Haskell. Ya kwanza ni fgl, iliyoasisiwa na Martin Erwig. Ya pili ni algebraic-graphs, ijulikanayo kwa kifupi kama Alga, iliyoasisiwa na Andrey Mokhov. Zote mbili ni programu huria, yaani mtu yeyote anaruhusiwa kuzisoma, kuzitumia na kuzirekebisha, na zote zimekuwa zikitolewa katika matoleo mapya baada ya matoleo ya awali.

Huenda msomaji akauliza jambo hili lina uhusiano gani na idara ya lugha. Jibu ni kwamba kitenzi cha Kiswahili, kikitazamwa kama mfuatano wa viambishi unaoruhusiwa au kukatazwa, ni grafu. Anayetaka kompyuta ikague tahajia ya Kiswahili, au ichanganue maneno yake, hana budi kuieleza grafu hiyo mahali fulani na kwa chombo fulani. Chombo hicho chaweza kumsaidia, na chaweza pia kumpoteza.

Hoja ya makala haya ni moja. Maktaba iliyoundwa vizuri yaweza kuzuia kabisa aina moja ya kosa, nalo ni uzi unaoning'inia pasipo na fundo la kuushika. Lakini hakuna maktaba, hata ikitolewa upya mara mia, iwezayo kuzuia aina ya pili, nayo ni kuviita vitu viwili kwa jina moja. Kosa hilo la pili ni la sarufi, na mwenye uwezo wa kulitambua ni mwanasarufi.

2. Istilahi

Neno "grafu" limezoeleka katika vitabu vya hesabu vya shule kwa maana ya mchoro wenye mihimili miwili uonyeshao, mathalani, mvua ilivyonyesha mwezi hadi mwezi. Hiyo siyo maana inayokusudiwa hapa. Grafu katika makala haya ni mkusanyiko wa vitu pamoja na uhusiano baina ya kitu kimoja na kingine. Mfano ulio karibu zaidi ni wavu wa mvuvi: kuna mafundo, na kuna nyuzi zinazotoka fundo moja hadi jingine. Kwa sababu hiyo maneno "fundo" na "uzi" yatatumika kutaja sehemu mbili za grafu. Tofauti moja na wavu wa kweli ni kwamba uzi wa grafu waweza kuwa na mwelekeo: unatoka fundo hili kwenda lile, wala haurudi mpaka pawe na uzi mwingine wa kurudi.

Elimu hii ni ya zamani kuliko kompyuta. Aghalabu mwanzo wake huhesabiwa kuwa ni kazi ya Leonhard Euler katika miaka ya 1730, alipoonyesha kwamba haiwezekani kuivuka mara moja moja tu ile madaraja saba ya mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi. Euler aliacha kando urefu wa madaraja na upana wa mto, akabakisha nchi kavu nne kama mafundo na madaraja saba kama nyuzi.

"Maktaba" katika uandishi wa programu ni hazina ya maelekezo yaliyokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambayo mwandishi mwingine huyaazima badala ya kuanza upya. "Toleo" ni hali ya maktaba hiyo kwa wakati maalumu, ikiwa imepewa namba yake.

3. Lugha za fanksheni

Lugha nyingi za kompyuta huagiza kwa kubadilisha: chukua kitu hiki, kifute, andika kingine mahali pake. Lugha za fanksheni hufuata njia nyingine, ambayo chimbuko lake ni kazi ya mwanamantiki Alonzo Church ya miaka ya 1930, na ambayo iliingia katika kompyuta kwa mara ya kwanza kupitia lugha ya Lisp iliyobuniwa na John McCarthy mwaka 1958. Haskell, iliyopewa jina la mwanamantiki Haskell Curry, ilitolewa taarifa yake ya kwanza mwaka 1990.

Fanksheni ni kanuni ipokeayo kitu na kutoa kitu kingine, bila kukiharibu kile ilichopokea. Msomaji wa Kiswahili analo tayari jambo la kulinganisha nalo, nalo ni mnyambuliko wa vitenzi. Kiambishi cha kutendesha hupokea "pika" na kutoa "pikisha"; cha kutendwa hupokea "pikisha" na kutoa "pikishwa". Baada ya yote hayo, "pika" halikupotea wala kugeuka. Lingali katika lugha kama lilivyokuwa. Tena, tokeo la fanksheni moja laweza kupewa fanksheni nyingine, na utaratibu wa kupeana una maana. Mtu akianza na "jua" akatendana kwanza, kisha akatendesha, atapata "juana" na halafu "juanisha", yaani kuwafanya watu wajuane. Akitendesha kwanza, kisha akatendana, atapata "julisha" na halafu "julishana", yaani kupashana habari. Viambishi ni vilevile viwili. Kilichotofautiana ni zamu yake.

Mfumo huu una faida kubwa: kwa kuwa kitu hakibadiliki baada ya kuundwa, anayesoma programu hahitaji kukumbuka nani alikigusa na lini. Lakini faida hiyo huzaa tatizo panapohusika grafu. Njia maarufu za kutembelea grafu, kama zile alizozieleza Robert Tarjan mwaka 1972, hutaka kila fundo lililofikiwa litiwe alama ili lisifikiwe tena. Kutia alama ni kubadilisha, na kubadilisha ndiko kunakoepukwa. Mwaka 1995 David King na John Launchbury walionyesha namna ya kuifanya kazi hiyo katika Haskell kwa kuificha alama ndani ya sehemu moja ndogo ya programu. Erwig na Mokhov waliuliza swali la ndani zaidi: je, grafu yenyewe yaweza kuelezwa kwa namna nyingine?

4. Njia ya Erwig: kufumua wavu fundo kwa fundo

Erwig alichapisha wazo lake mwaka 1997 na kulieleza kwa urefu mwaka 2001. Kwa maelezo yake, grafu ni moja kati ya mambo mawili: ama ni tupu, ama ni fundo moja pamoja na nyuzi zake, lililoongezwa kwenye grafu iliyokuwapo. Fundo hilo huja na mambo manne: nyuzi ziingiazo, namba yake, jina au maelezo yake, na nyuzi zitokazo.

Kinyume cha kuongeza ni kufumua. Katika fgl kuna fanksheni ambayo hupewa namba ya fundo pamoja na grafu, na hurejesha vitu viwili: fundo lile na nyuzi zake, na grafu iliyobaki baada ya fundo hilo kuondolewa. Ikiwa fundo halimo, hurejesha habari kwamba halimo, na grafu kama ilivyokuwa.

Hapa ndipo haja ya kutia alama inapotoweka. Anayetembelea grafu hufumua fundo la kwanza, akashika orodha ya mafundo yanayolifuata, akaendelea na grafu iliyobaki. Akikutana tena na fundo alilokwisha kulipitia, hatalipata, kwa kuwa halimo katika masalio aliyo nayo. Hakuna alama iliyotiwa. Kutokuwapo kwenyewe ndiko alama. Wakati huohuo grafu ya asili haikuguswa, kama vile "pika" halikuguswa na "pikisha".

Jambo jingine la kuvutia ni jinsi njia mbili zilizokuwa zikifundishwa kama vitu mbalimbali zinavyokaribiana. Mafundo yanayofuata yakiwekwa mwanzoni mwa orodha ya kungoja, safari huzama kina kwanza. Yakiwekwa mwishoni mwa orodha hiyo, safari huenea upana kwanza. Maelekezo mengine yote hubaki yaleyale.

Maktaba ya fgl huuacha wazi ufundi wa kuihifadhi grafu ndani ya kompyuta. Mojawapo ya namna zake hutumia mti uitwao Patricia, uliobuniwa na Donald Morrison mwaka 1968, nao huharakisha sana kazi ya kutafuta fundo kwa namba yake. Mtumiaji aweza kuhama kutoka namna moja ya kuhifadhi hadi nyingine bila kubadili maana ya alichokiandika.

Hata hivyo kuna kasoro. Kwa kuwa kila fundo lina namba yake, na uzi hutajwa kwa namba mbili, mtu aweza kuagiza uzi uende kwenye fundo namba 13 ilhali mafundo yanaishia 12. Agizo hilo huandikika vizuri, na kosa hudhihirika programu inapokuwa tayari kazini, nayo husimama ghafla.

5. Njia ya Mokhov: maneno manne

Mwaka 2017, katika mkutano wa watumiaji na watafiti wa Haskell uliofanyika Oxford, Uingereza, Mokhov, ambaye wakati huo alikuwa Chuo Kikuu cha Newcastle, alitoa pendekezo la kuondoa kasoro hiyo kwa njia ya lugha. Badala ya kukagua makosa, alitafuta msamiati ambao kwao kosa haliwezi kutamkwa. Msamiati wake una maneno manne tu.

La kwanza ni grafu tupu. La pili ni fundo moja lenye jina. La tatu ni kujumuisha, linaloandikwa kwa alama +, ambalo huchukua grafu mbili na kutoa moja yenye mafundo yote na nyuzi zote za hizo mbili. La nne ni kuunganisha, linaloandikwa kwa alama →, ambalo hufanya yote yafanywayo na kujumuisha, kisha huongeza uzi kutoka kila fundo la grafu ya kushoto hadi kila fundo la grafu ya kulia.

Msomaji ataona kwamba hakuna neno la "uzi" peke yake. Uzi hupatikana kwa kuunganisha mafundo mawili tu, na kwa hiyo hauwezi kutajwa pasipo kutaja mafundo yanayoushika. Uzi unaoning'inia haukupigwa marufuku. Umekosa namna ya kusemeka. Kila sentensi ya lugha hii ndogo ni grafu kamili, na kila grafu ina sentensi yake.

Maneno hayo hufuata kanuni chache. Kujumuisha hakujali nani ametangulia: x + y ni sawa na y + x. Kuunganisha hujali, kwa sababu uzi una mwelekeo. Kuunganisha husambaa juu ya kujumuisha kama vile kuzidisha kusambaavyo juu ya kujumlisha katika hesabu za kawaida. Tena kuna kanuni ya kufumua, ambayo ndiyo inayoipa Alga tabia yake:

x → y → z = (x → y) + (x → z) + (y → z)

Kutokana na kanuni hizo huthibitishwa kwamba x + x ni x. Kukisema kitu mara mbili hakukifanyi kuwa viwili. Kanuni hii ya mwisho inaonekana nyepesi, lakini ndiyo itakayoleta mashaka makubwa pindi inapokutana na Kiswahili.

6. Jaribio: kitenzi cha Kiswahili

6.1 Kuunganisha mno

Na zichukuliwe nafsi sita, njeo nne, mzizi mmoja na kiishio kimoja:

N = ni + u + a + tu + m + wa
T = li + na + ta + me
mzizi: som
kiishio: a

Neno "walisoma" ni safari katika grafu, kutoka wa hadi li, hadi som, hadi a. Uzuri wa msamiati wa Mokhov huonekana mara moja: N → T, sentensi fupi yenye viambishi kumi, huzaa nyuzi 24, kwa kuwa kila nafsi huunganishwa na kila njeo.

Mwandishi asiye mwangalifu atashawishika kuendelea vivyo hivyo na kuandika N → T → som → a. Atakosea. Kwa kanuni ya kufumua, sentensi hiyo haisemi tu kwamba nafsi hufuatwa na njeo na njeo na mzizi. Inasema pia kwamba nafsi hufuatwa moja kwa moja na mzizi, na njeo hufuatwa moja kwa moja na kiishio. Grafu itakayotokea ina nyuzi 45, na safari zake ni pamoja na *nisoma na *nitaa, ambayo hayamo katika Kiswahili Sanifu. Iliyokusudiwa ni hii:

(N → T) + (T → som) + (som → a)

Hiyo ina nyuzi 29: 24 za nafsi na njeo, 4 za njeo na mzizi, na 1 ya mzizi na kiishio. Nyuzi 16 zilizozidi katika sentensi ya kwanza zote ni za makosa. Maktaba haikulalamika hata kidogo, kwa kuwa sentensi zote mbili ni grafu halali.

6.2 Homonimu

Hata sentensi hiyo iliyosahihishwa ina ila. Viambishi vilivyoorodheshwa ni kumi na viwili, lakini grafu itakuwa na mafundo kumi na moja. Sababu ni kwamba "a" ya nafsi ya tatu umoja na "a" ya kiishio zina jina moja, na kwa kanuni ya x + x, vyenye jina moja ni kimoja. Basi uzi utokao som kwenda a unafika palepale ambapo nyuzi za kwenda li, na, ta na me zinaanzia. Safari ikifika mwisho wa neno, mlango u wazi wa kuanza upya: *alisomalisoma, na kuendelea bila kikomo.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu hawezi kuchanganya "a" hizo mbili. Anajua kwamba umbo ni moja na mofimu ni mbili. Kompyuta haijui, wala Alga haikuahidi kujua. Dawa ni kuyapa mafundo majina ya mofimu badala ya majina ya sauti, kwa mfano a-nafsi na a-kiishio.

Hapa fgl ina nafuu yake. Kwa kuwa kila fundo hutambulishwa kwa namba, fundo namba 3 laweza kuitwa "a" na fundo namba 12 pia likaitwa "a", bila ugomvi. Kile kilichoonekana kuwa kasoro katika sehemu ya nne kinageuka kuwa ulinzi. Lakini ulinzi huo una gharama, kwani namba haimwambii msomaji kitu. Aliyeandika 11 mahali pa 12 atakuwa amelipeleka neno kwenye mzizi badala ya kiishio, na hakuna atakayelibaini kosa kwa kuitazama tu karatasi. Kwa hiyo haifai kusema kwamba maktaba moja ni bora kuliko nyingine kwa kila jambo. Moja humlinda mtu na nyuzi zisizo na fundo, nyingine humlinda na homonimu.

6.3 Ukanushi

Mfano wa tatu ni mzito zaidi. Hali ya ukanushi huongeza "ha" kabla ya nafsi, na huwa na viambishi vyake vya njeo:

ha → (tu + m + wa)
(tu + m + wa) → (ku + ja + ta)
(ku + ja + ta) → som

Peke yake, grafu hii hutoa hatukusoma, hamjasoma, hawatasoma na mengineyo, yote sahihi. Lakini ikijumuishwa na grafu ya uyakinishi, mafundo tu, m na wa yatakuwa ya shirika. Hapo safari iliyoanza kwa ukanushi yaweza kutorokea uyakinishi na kutoa *hawalisoma, na iliyoanza kwa uyakinishi yaweza kutorokea ukanushi na kutoa *wakusoma au *wajasoma. Safari yoyote ikifika kwenye wa haina kumbukumbu ya ilikotoka. Grafu hukumbuka mahali tu, haikumbuki njia.

Dawa ni kuwa na wa mbili, moja ya uyakinishi na moja ya ukanushi. Je, basi kila kiambishi kirudiwe? La. Kiambishi "ta" hupatikana pande zote mbili, katika watasoma na hawatasoma, na fundo lake laweza kuwa moja bila madhara, kwa sababu baada ya "ta" kinachofuata ni kilekile, iwe "ha" ilitangulia au haikutangulia. Mzizi nao waweza kushirikiwa katika njeo hizi. Lakini hauwezi kushirikiwa na hawasomi, kwa kuwa mzizi wa hapo hufuatwa na "i", siyo "a". Ukishirikiwa, *walisomi na *watasomi yataingia.

Kanuni inayojitokeza ni hii: mafundo mawili yanaweza kufanywa moja iwapo tu yote yawezayo kufuata baada ya moja ndiyo yawezayo kufuata baada ya jingine. Kanuni hiyo ilithibitishwa kihisabati na John Myhill mwaka 1957 na Anil Nerode mwaka 1958. Hata hivyo, kuitumia katika Kiswahili kunahitaji mtu ajuaye ni nini kifuatacho nini katika Kiswahili. Hisabati hutoa kipimo, nayo sarufi hutoa kinachopimwa.

6.4 Kazi zilizotangulia

Wazo la kukitazama kitenzi cha Kibantu kama safari katika grafu si geni. Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitoa mwaka 1983 mfumo wa kuchanganua mofolojia kwa ngazi mbili, na mwaka 1992 Arvi Hurskainen, wa chuo hichohicho, alieleza katika jarida la Nordic Journal of African Studies jinsi mfumo huo ulivyotumika kwa Kiswahili. Kwa upande wa lugha za fanksheni, Aarne Ranta alianzisha mfumo wa kuandikia sarufi uitwao Grammatical Framework mwaka 1998, nao umeandikwa kwa Haskell. Mwaka 2012 Wanjiku Ng'ang'a, wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alichapisha makala kuhusu ujenzi wa sarufi ya Kiswahili katika mfumo huo. Kazi hizi zinatajwa kwa ajili ya wazo linalozifunga pamoja, siyo kwa kuwa zilitumia fgl au Alga.

7. Maana ya toleo jipya

Sarufi ikishaandikwa kwa kutumia maktaba ya mtu mwingine, uhai wake unategemea uhai wa maktaba hiyo. Ndiyo maana tangazo la toleo jipya si habari ya mafundi peke yao.

Watumiaji wa Haskell wamekubaliana juu ya utaratibu wa kuhesabu matoleo ambao wenyewe ni lugha ndogo ya kutoa ahadi. Namba mbili za kwanza zikibadilika, mtoaji anaonya kwamba kitu kimeondolewa au kimebadilika maana, na kwamba programu za wengine zaweza kuvunjika. Namba ya tatu ikibadilika peke yake, anaahidi kwamba kimeongezwa kitu bila kuondoa chochote. Zaidi ya hapo ni marekebisho yasiyogusa matumizi. Kwa hivyo fgl ilipotoka 5.4 kwenda 5.5, msomaji wa namba hizo alijua, hata kabla ya kusoma maelezo, kwamba alipaswa kuikagua kazi yake upya.

Swali la kuuliza kila toleo jipya linapotangazwa si kama lina kasi zaidi, bali ni kama sentensi ya zamani ingali ina maana ya zamani. Hapa kanuni za aina ya Mokhov hufaa sana, kwani zinaweza kujaribiwa. Kuna chombo kiitwacho QuickCheck, kilichotolewa na Koen Claessen na John Hughes mwaka 2000, ambacho hubuni chenyewe mifano mingi kwa bahati nasibu na kuhakikisha kwamba kanuni haivunjiki katika wowote kati ya hiyo. Alga hupimwa kwa njia hiyo. Mjenzi aweza basi kubadilisha ufundi wote wa ndani, na ikiwa kanuni zimesimama, maana ya sentensi za watumiaji imesimama pia.

Mwanasarufi aweza kuiga desturi hiyo. Akiandika grafu ya kitenzi, haifai aishie kwenye grafu. Inampasa aweke kando yake orodha ya maneno ambayo lazima yakubaliwe, kama vile hawajasoma, na orodha ya yale ambayo lazima yakataliwe, kama vile *hawalisoma, kisha azipitishe orodha zote mbili kila maktaba inapotolewa upya na kila anapoongeza kiambishi. Orodha ya pili ndiyo husahaulika, ilhali ndiyo yenye manufaa makubwa zaidi. Grafu inayokubali kila kitu itafaulu mtihani wa orodha ya kwanza bila jasho. Inampasa pia ataje katika kazi yake namba ya toleo alilotumia, kama vile atajavyo chapa ya kamusi anapoinukuu.

Leseni nazo zamfaa. Ile ya fgl ni ya aina ya BSD na ile ya Alga ni ya MIT. Zote mbili huruhusu chuo chochote kuichukua maktaba, kuitumia katika mafunzo na kuirekebisha, mradi tu tamko la haki ya wenyewe libakizwe. Idara haihitaji bajeti ili ianze.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha njia mbili za kuieleza grafu katika lugha za fanksheni. Njia ya Erwig huifumua fundo kwa fundo, na kwa kufanya hivyo huondoa haja ya kutia alama. Njia ya Mokhov huijenga kwa maneno manne, na kwa kufanya hivyo huondoa uwezekano wa uzi usio na fundo. Zote mbili ni mafanikio ya kweli, na kila toleo jipya limeendelea kuziimarisha.

Lakini yale makosa matatu yaliyojitokeza katika kitenzi cha Kiswahili, yaani kuunganisha mno, kuchanganya homonimu, na kushirikisha mafundo yasiyostahili kushirikiwa, yote yalikuwa grafu halali kabisa mbele ya maktaba. Yalitambulikana kuwa makosa kwa sababu moja tu: *nisoma, *alisomalisoma na *hawalisoma hayasemwi, na yupo mtu anayejua kwamba hayasemwi. Idara za lugha zikiiacha kazi hii mikononi mwa mafundi wa kompyuta peke yao, zitapokea vyombo visivyovunjika ambavyo hata hivyo vinakiharibu Kiswahili. Kazi ya kutaja majina ya mafundo, na ya kuandika orodha ya yasiyosemwa, ni kazi ya idara hizo.